Barua ya wazi kwa wauzaji wa laptopu za gemu, Kigoma na Ujiji

Ndugu wafanyabiashara wa Mwanga, wa Ujiji na wa kule chini karibu na stesheni,

 

YAH: OMBI LA KUWASHIWA MASHINE NUSU SAA, MCHANA, KABLA YA KULIPA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ujiji. Nina meza moja barazani, taa ya kubana, bisibisi, brashi mbili na bloa ya kupulizia vumbi. Wengine mnanijua kwa sura, na msionijua kwa sura tunajuana kwa kazi, kwa kuwa mashine mnazouza mwaka huu ndizo zinazolala mezani kwangu mwaka unaofuata. Kwa hiyo niseme mapema: barua hii inanipunguzia ugali. Mkikubali ninachoomba, wateja wangu watapungua. Hesabu hiyo nimeshaipiga, na bado naandika.

Mwezi wa nane, vumbi likiwa limetawala mji, alinijia mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi, yeye na kijana wake. Kijana anasomea uchoraji wa majengo, na mashine yake ilikuwa ya hiyo kazi na ya gemu pia; hakujificha, na mimi sikumlaumu. Mama alikuwa ametoa milioni mbili na laki nane. Miezi mitatu baadaye mashine ikaanza kujizima yenyewe katikati ya kazi, bila kuaga.

Niliifungua mbele yao. Kati ya feni na yale mabati membamba ya shaba yaliyopangwa kama matamvua ya samaki palikuwa pameziba kabisa. Niliingiza kibano nikavuta taratibu, likatoka zima: kipande cha vumbi kilichoshikamana kama blanketi, kina umbo lile lile la mdomo wa feni, chekundu kwa nje na cheusi kwa ndani, na nywele za paka katikati. Mama akakishika kwa vidole viwili akakigeuza. "Hiki ndicho nilichokinunua?" akauliza.

Ingekuwa vumbi peke yake, nisingeandika barua. Nilisafisha, nikapaka upya ile grisi ya kupitisha joto, nikafunga, nikaiwasha hapo hapo barazani saa nane mchana na gemu la mpira likichezwa. Dakika tano za kwanza ilikimbia vizuri, fremu 90 kwa sekunde. Dakika ya kumi na tano zilibaki 60. Dakika ya ishirini na tano zilikuwa 38, zinapanda na kushuka, feni inalia kama jenereta la harusini, na upande wa kushoto wa kibodi, pale penye W, A, S na D, kijana hakuweza kuacha vidole. Prosesa ilisoma nyuzi 97.

Haikuwa mbovu. Hilo ndilo lililoniuma. Ilikuwa mashine nyembamba, nzuri kwa macho, yenye feni mbili ndogo na mrija wa shaba unaopita juu ya prosesa na juu ya kadi ya picha kwa pamoja, hivyo kila kimoja kinampelekea mwenzake moto. Ofisini kwenye kiyoyozi ingefanya kazi yake miaka mitano. Nikamuuliza mama alivyoichagua. Alisema aliingia duka la mmoja wenu (simtaji, na msitafutane), kiyoyozi kinaunguruma, akauliza swali moja tu: "Haipati moto?" Akajibiwa kwa jina la kadi ya picha: "Mama, hii ni RTX."

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa.

Wataalamu wa lugha walipotafuta jina la kifaa hiki walikubaliana na kompyuta mpakato, kwa sababu unaipakata. Sasa mashine ya gemu ndiyo kompyuta mpakato isiyotaka kupakatwa. Ukiipakata unaziba matundu yake ya chini ya kuvutia hewa, nayo inakuchoma mapaja kwa kulipiza. Tuna kifaa ambacho jina lake lenyewe linampotosha mnunuzi. Ndiyo maana maneno ya muuzaji yana uzito.

Mnachouza hasa ni wati. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa na kadi ya picha hutoka ukiwa joto. Hauna pa kwenda pengine. Mashine ya gemu inayokula wati 120 ina moto wa zile balbu za zamani za wati 60, mbili, zimefungiwa ndani ya kitu chenye unene wa vidole viwili. Kazi ya mrija wa shaba ni kuuhamisha moto huo. Ndani yake mna maji kidogo sana, hayajai hata kijiko. Upande wa moto yanakuwa mvuke, upande wa feni yanarudi kuwa maji, kama matone yanayojikusanya chini ya mfuniko wa sufuria ya wali, kisha yanarejea kuchukua moto mwingine. Feni inapuliza kwenye matamvua, joto linatoka nje. Hakuna muujiza. Shaba ikiwa nyingi, feni zikiwa kubwa na matundu yakiwa wazi, mashine inakaa sawa. Vikipungua, inajiokoa kwa kupunguza mwendo, na prosesa nyingi za Intel za laptopu hufikia kikomo chake kwenye nyuzi 100. Zile fremu 38 za kijana ni mashine iliyokuwa inajiokoa.

Na hapo ndipo stika zenu zinapotudanganya, japo najua si ninyi mliozichapa. Chukueni RTX 4060 ya laptopu. Kwa mujibu wa Nvidia wenyewe, mtengenezaji anaweza kuiwekea kadi hiyo nguvu ya kuanzia wati 35 hadi 115. Jina moja, stika moja, rangi moja ya kijani, lakini moja inalipwa mshahara wa kibarua na nyingine wa meneja. Mteja anayelinganisha mashine mbili kwa stika halinganishi chochote. Ile ya wati chache inaweza kupoa vizuri lakini ikakimbia polepole; ile ya wati nyingi ikiwa ndani ya bodi nene yenye feni za kutosha inaweza kuwa na kasi na bado ukaishika; na ile ya wati nyingi ndani ya bodi nyembamba ndiyo inayokuja kwangu. Kwenye mashine zenye kadi za Nvidia za miaka hii, idadi hiyo ya wati huonekana ndani ya programu ya NVIDIA Control Panel, kwenye taarifa za mfumo. Ni dakika moja kuitafuta. Iandikeni kwa kalamu kwenye karatasi ya bei. Mkiandika hilo tu, nitakuwa nimepata nusu ya nilichokuja kuomba.

Nusu ya pili ni hali yetu ya hewa.

Mnaponiambia "watu mtandaoni wanaisifia," nawaamini, lakini waisifiao wako wapi? Wapimaji wengi wa Ulaya huipima mashine ndani ya chumba cha nyuzi 20 au 22. Mchana wetu wa Septemba unacheza kwenye 29 na 30, na chumba cha bati lisilo na dari kinazidi hapo. Joto la chipu huhesabiwa kutoka joto la chumba kwenda juu: chumba kikiongezeka nyuzi 8, chipu nayo huongezeka karibu nyuzi hizo hizo, kama wati na mwendo wa feni havijabadilika. Mashine iliyosifiwa kule kwa kukaa kwenye 89 inakuja kwetu kukaa kwenye 97, yaani kwenye mlango wa kikomo. Iliyosifiwa kwa 78 inabaki na nafasi ya kupumua. Kwa hiyo ukisoma sifa za Ulaya, ongeza 8, halafu ndiyo uamue.

(Kuna jambo jingine dogo ambalo watu wa Dar hawalijui. Ziwa letu liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 8. Feni inazunguka vile vile lakini inasukuma hewa pungufu. Si jambo la kumnyima mtu usingizi, ila mashine iliyoponea chupuchupu Kariakoo isitarajiwe kuponea Katubuka.)

Sasa, mteja akiwa amesimama dukani kwenu, aangalie nini? Mimi naanza kwa kuigeuza. Tumboni natafuta matundu: mengi, yaliyo wazi, yaliyo chini ya feni hasa, maana zipo mashine zenye urembo wa matundu ambao robo tatu yake ni plastiki iliyochorwa. Naangalia miguu ya mpira. Ikiwa mifupi kama punje ya mchele, hewa itaingilia wapi? Kisha natazama inapotolea joto. Inayotolea nyuma ni nzuri. Inayotolea kulia inampulizia mchezaji mkono wa mausi, na kwa mtu anayecheza saa tatu mfululizo hiyo ni adhabu. Halafu nauliza uzito, na hapa nagombana na vijana wengi. Wembamba wanauonea fahari, mimi nauona kama deni. Kilo mbili na nusu na chaja kama tofali si sifa ya kumvutia mchumba, lakini ndiyo shaba yenyewe hiyo unayoibeba.

Majina ya familia yanasaidia kidogo tu. Lenovo ina Legion, na tangu 2023 ina LOQ ya bei nafuu. HP ina Omen, na tangu 2021 ina Victus chini yake. Asus wana ROG na TUF. Acer wana Predator na Nitro. Mara nyingi kaka mkubwa ana shaba nyingi kuliko mdogo wake, ila si kila mwaka na si kila toleo, na mimi nimekutana na mdogo aliyepoa kuliko kaka kwa sababu alipewa wati chache akaridhika nazo. Muuzaji anayesema "chukua hii, jina hili halipati moto" anauza ukoo.

Za mtumba kutoka Dubai zina habari yake. Sizichukii, nyingine ni nene, za zamani kidogo, na zimejengwa vizuri kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Shida yake ni grisi ya joto iliyokauka ikawa kama chokaa kati ya chipu na shaba. Fundi akiifuta na kupaka mpya, mashine inashuka nyuzi kadhaa siku hiyo hiyo. Ombi langu dogo: msipeleke kazi hiyo kwa yeyote aliye karibu. Mwaka jana nimefungua mashine nikakuta dawa ya meno. Ilikuwa nyeupe na ingali inanukia minti. Inafanya kazi siku chache, kisha inakauka na kupasuka, na chipu inabaki inaungua chini ya kitu cha kusugulia meno. Watu wa mji huu tungepaswa kuijua thamani ya kupaka grisi sahihi mahali sahihi. Meli yetu ya Liemba, enzi hizo ikiitwa Graf von Goetzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, na kabla ya kuizamisha mafundi wao walizipaka injini zake grisi nzito. Ilikaa majini hadi ilipoibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ziwani. Grisi ile haikuwa ya kupitisha joto, najua, msinisahihishe. Lakini haikuwa dawa ya meno.

Basi ombi lenyewe. Kila aina ya mashine ya gemu mnayoiuza, wekeni moja ya maonyesho, yenye gemu moja zito ndani yake. Mteja aliye tayari kununua apewe nusu saa. Iwe mchana, saa saba au saa nane, nje ya kiyoyozi, barazani au mlangoni. Chaja iwe imechomekwa, kwa sababu ikiwa kwenye betri mashine yenyewe inajibana isile wati nyingi, nayo itaonekana mpole kuliko ilivyo. Mteja aandike fremu za dakika ya tano na fremu za dakika ya ishirini na tano. Zikikaribiana, mashine inajiweza, hata kama prosesa ilipanda mara moja hadi 95 ikashuka. Zikipungua kwa theluthi, haijiwezi, na hapo hakuna cha kubishania. Anayetaka kuona joto la kadi ya picha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows za siku hizi linaandikwa kwenye dirisha litakalofunguka, upande wa utendaji, bila kuweka programu yoyote. Mimi ningependa lisizidi 85. Mwisho aweke kiganja kwenye W, A, S, D akihesabu hadi sitini.

Najua mtakachosema, kwa sababu wawili wenu nimeshawasikia. Wa kwanza alisema umeme. Mashine inayovuta wati 200 kwa nusu saa inakula sehemu moja ya kumi ya uniti ya LUKU. Nitaleta mimi. Tena tusisahau tulikotoka: miaka mingi mji huu uliendeshwa na majenereta ya dizeli, na mtu akisema mashine inataka umeme tulivu tulimcheka. Gridi ya Taifa ilipoanza kuingia mkoani mwaka 2022 mambo yakabadilika. Umeme bado una siku zake, na stabilaiza bado naishauri, lakini kisingizio kile kimezeeka.

Wa pili alisema wateja watachezea wasinunue. Watakuwepo. Hata anayeuza vitenge anafunua vitenge kumi auze kimoja, na sijasikia anayeuza kitenge kilichofungwa kwenye karatasi. Anayenunua pikipiki hapa Mwanga anaiwasha, anaivuta resi, anaizungusha hadi Gungu na kurudi, ndipo anahesabu pesa. Laptopu ya gemu inakaribia bei ya hiyo pikipiki.

Na ninyi vijana mnaosoma barua isiyo yenu, msidhani mmepona. Mashine nzuri kabisa inauawa kitandani. Godoro linaziba tumbo lake lote, na baada ya saa moja hata ile yenye shaba nyingi inakuwa pasi. Iwekeni mezani, muitilie vizibo viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma. Havigharimu kitu na hewa inapita. Kama kioo chako ni cha fremu 60, funga gemu kwenye fremu 60. Kuzalisha 110 usizoziona ni kuchoma umeme kwa ajili ya kuchoma betri. Kwa kuwa inakaa kwenye chaja muda mrefu, iwekee kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 kama inacho, maana betri iliyojaa na yenye moto ndiyo inayovimba ikainua kibodi. Kila baada ya miezi mitatu ya kiangazi, leta isafishwe. Kwangu au kwa mwingine, mradi usiipulize kwa mdomo. Mate nayo ni maji.

Nirudi kwenu, ndugu wauzaji. Sitaki ahadi ya maandishi wala kikao. Jumamosi hii baada ya adhuhuri nitapita Mwanga na ekstensheni yangu begani, nikianzia duka la kwanza lenye baraza. Mama wa Kibirizi atakuwa pamoja nami. Ameiuza ile mashine kwa hasara kwa mtu anayefanya kazi ofisini penye kiyoyozi, akamweleza kila kitu, na sasa ameongeza juu ya alichopata fedha ya dagaa wa mwezi huu. Amesema safari hii asitajiwe jina la kadi. Anataka kuweka kiganja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa barazani,
Ujiji.